Mkono wa Kupimia Mishale

Wiki iliyopita nilinunua gunia la makaa. Wanaopika kwa gesi wanaweza kunicheka, wacheke tu. Githeri yangu ya mahindi na maharagwe naichemsha kwa jiko la makaa na sijaona gesi inayoiivisha vile. Kijana aliyeniletea alilitua nyuma ya jikoni, nami nikalifungua mdomo. Mnajua magunia ya makaa yanavyozibwa juu kwa matawi ili yasimwagike njiani. Nilipoyavuta yale matawi, majani yalisagika kiganjani, na harufu ikanipanda puani kabla sijajua ni ya nini. Ni harufu kali yenye ubaridi ndani yake, kama ile dawa ya kuchua kifua tuliyopakwa tukiwa na mafua. Leleshwa, kile kichaka cha nyika za Laikipia! Nikakaa pale pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikasema kwa sauti, "Wewe mzee, mpaka leo bado?"

"Unaniambia mimi, Cucu?" kijana akauliza. Nikamwambia si yeye, aende salama.

Niliyekuwa nasema naye ni baba yangu, na baba amelala kaburini siku nyingi. Nikiisikia harufu ile simwoni akiwa mgonjwa wala akiwa mzee. Namwona akishuka kwenye lori la serikali, koti lake la kaki limejaa vumbi la Laikipia, mkononi ana furushi la vijiti, na yeye mzima ananuka leleshwa kuanzia kofia hadi viatu. Sisi ni watu wa Ukambani. Baba alikuwa mtu wa mifugo serikalini, wale waliokuwa wakichanja ng'ombe na kusimamia minada, na alihamishiwa Nyeri mara tu baada ya uhuru. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Doldol, huko Laikipia, miaka kadhaa, mama akiwa amebaki kwa bibi huko Ukambani. Hata baada ya sisi sote kuja Nyeri, kazi ya Doldol haikuisha. Kila mwezi alikuwa akienda huko wiki nzima, wakati mwingine mbili, na kurudi na asali, ngozi ya mbuzi, na ile harufu. Mimi nilidhani leleshwa ni harufu ya kazi. Baba ya rafiki yangu Wangari alikuwa seremala na alinuka vumbi la mbao, baba yangu alikuwa wa mifugo na alinuka leleshwa. Hapo sikuona la kuuliza.

Tuliishi Ruring'u, kwenye nyumba za serikali, baba, mama, mimi na mdogo wangu Kalekye. Na kulikuwa na wa tano ambaye alikuwa hajazaliwa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu, mzazi wa baba yake, na babu yetu alikuwa Musyoka. Mimi nilikuwa nimeshapewa jina la bibi, Nduku, ndiyo maana baba alikuwa akiniita "mwaitu", yaani mama, kwa sababu nilikuwa mama yake. Lakini jina la babu lilikuwa bado linangoja mwenyewe. Mama alikuwa akilitaja kama mgeni aliyetuma salamu kwamba yuko njiani. "Hii blanketi msiichezee, ni ya Musyoka." "Musyoka akija, nyinyi wawili mtalala kitanda ya huko nyuma." Tulikuwa tukimpangia nafasi mpaka kwenye benchi la kanisa.

Baba alikuwa mtu wa mishale kabla hajawa mtu wa serikali. Ujana wake aliwinda, na uwindaji ulipokatazwa, mishale ikabaki mchezo. Jumapili baada ya kanisa alikutana na Wakamba wenzake, polisi wawili na mwalimu mmoja, wakapiga shabaha kwenye uwanda wa majani chini ya nyumba zetu, hadi kwenye miti ya miwati. Mimi nilitazama kwa mbali. Kwetu upinde si kitu cha mwanamke, na hata kuushika tu mama angenifinya sikio. Kwa hiyo fikirini nilivyohisi siku baba aliporudi kutoka Doldol na upinde mdogo, wa kimo changu, akaniita mimi.

"Mwaitu, njoo hapa. Nyoosha mkono."

Nikanyoosha. Akatoa mfukoni kamba nyembamba, ule uzi mama aliokuwa akisokota kwa kusukia vyondo, vikapu vyetu, akaweka ncha moja katikati ya kifua changu na kuivuta mpaka kwenye ncha za vidole. Kwenye uzi kulikuwa tayari na fundo, jeusi kwa uchafu. Fundo lile lilipita vidole vyangu kidogo tu. Baba akaliangalia, akaangalia mkono wangu, akasema kama anayejisemea, "Karibu sawa." Nami nikajiona nimefaulu mtihani. Akafunga fundo jipya penye vidole vyangu.

"Hilo ni langu," nikasema. "Na hili lingine?"

Akaanza kuuviringisha uzi. "Hili? Hili ni la mwaka ujao. Utakua ulifikie."

Wee! Msichana gani angeambiwa hivyo akae? Nyuma ya nyumba kulikuwa na mpera. Kila siku nikitoka shule nilikuwa nikining'inia kwenye tawi lake kwa mikono yote miwili, nikihesabu pumzi, nikiamini mikono inavutika kama mpira. Kalekye alikuwa akinishika miguu na kuvuta kwenda chini ili nifikie mwaka ujao haraka. Hadi leo fundi wa nguo akichukua utepe kunipima mkono, mimi huangalia pembeni. Anadhani ni haya.

Mama alipoona upinde mkononi mwangu alisimama mlangoni na mwiko wake. "Baba Nduku, unafundisha msichana mishale? Watu watasema nini?"

"Watu gani? Si tuko Nyeri. Hawa majirani wanajua nini ya mishale?"

"Haya. Akikosa bwana, utamtafutia wewe."

"Bwana atakuja mwenyewe, akiogopa kupigwa mshale," baba akasema, na mama akacheka. Mama alikuwa na kicheko kizuri, cha kuanzia tumboni. Nakitaja kwa sababu baadaye kiliadimika.

Basi tukaanza. Mtu asiyejua atadhani mshale ni mshale tu, unautupa unakwenda. Aka! Kazi yetu miezi ile yote ilikuwa kulinganisha vijiti, kipi kinakimbia, kipi kinachelewa, kipi kinaenda unakokituma na kipi kina kichwa chake. Tulijaribu matete ya mtoni Chania, mianzi myembamba kutoka msituni, fito za mkole ambazo mjomba alituma kutoka Ukambani, na leleshwa ya Doldol. Vyote tulivikata urefu mmoja, tukavipa manyoya yale yale ya kuku wa mama na ncha ya msumari ulionolewa. Shabaha ilikuwa gunia lililojazwa maganda ya mahindi, na duara la chokaa katikati.

Baba hakuwa na saa ya kupimia mwendo wa mshale. Alikuwa na neno, jina la mji wa kwetu. Alisimama nyuma ya mwati karibu na gunia, macho amefumba, na akisikia uzi wa upinde umelia alianza kutamka polepole, kila mara kwa mwendo ule ule, "Ma-cha-ko-si," mpaka asikie gunia limepigwa. Tete lilifika kwenye "cha". Lilikuwa na kasi ya ajabu, nami nikaruka juu kwa furaha, lakini tete lilikuwa likipeperushwa na ule upepo wa mlimani, na baada ya kupigwa mara chache lilipasuka. Mkole ulikuwa mzito, ulifika "si" imeshasemwa, tena chini ya duara, ingawa ulizama kwenye gunia mpaka kuutoa ni shida. Mwanzi ulifika upesi lakini hakuna mianzi miwili iliyofanana, kila mmoja na vifundo vyake, huu ulienda huku na mwingine kule. Leleshwa ndiyo iliyotutesa. Siku nyingine ilifika kwenye "cha" na kukaa katikati ya duara, siku nyingine ilichelewa na kwenda kando, na hatukujua kwa nini.

Ni mimi niliyegundua. Vile vijiti vilivyokaushwa juani vilikuwa vikikauka nje na kubaki na maji ndani. Vilivyokuwa vizuri ni vile mama alivyokuwa amevisukumia juu ya dari la jikoni kwa sababu vilimjazia nafasi, vikakaa kwenye moshi na maganda yake. Nikamwambia baba. Akavishika, akavipima kwa mkono, akavikunja kidogo dhidi ya ukuta, akaniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia tena. "Mwaitu, hii mkono yako iko na akili," akasema. Kuanzia hapo vijiti vyote vikaenda juu ya moshi, kisha tukavinyoosha juu ya makaa kwa mafuta ya kondoo, na nyumba yetu nayo ikaanza kunuka Doldol.

Alinifundisha na siri ya mkunjo. Mshale ukitoka kwenye upinde hauendi umenyooka, unajipinda kidogo kwanza kisha unatulia. Kijiti kigumu mno kinakimbilia kushoto, kilaini mno kinaenda kulia, na ugumu wenyewe unategemea upinde na mkono wa mpigaji. "Mimi siwezi kujaribu mishale ya mtoto," alisema. "Nikivuta hii upinde mdogo nitaivunja. Lazima mkono ya mtoto." Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili, na sikujiuliza hata kidogo ni ya mtoto gani. Si mtoto alikuwa mimi?

Mwishowe tukapata mitatu. Kati ya mafurushi yale yote, vijiti vitatu vya leleshwa vilivyoruka kama ndugu. Vilitoka kwa kutikisika kidogo mkiani, vikatulia karibu na mpera, vikafika kwenye "cha". Ningeweza kuvitambua vikiwa hewani. Kulikuwa na kasoro moja tu, vilikuwa virefu kwangu. Baba alikuwa amevikata kwa fundo lile jeusi. Nilipomwuliza alisema, "Sweta ya shule si tulikununulia kubwa? Utakua ndani yake." Na kweli sweta yangu ilikuwa inafika magotini, kwa hiyo nikaridhika.

Siku ya kutia alama nilivaa gauni la kanisa. Kwetu kila nyumba ina alama yake ya mishale. Mnyama akikutwa ameanguka na mshale mwilini, mwenye alama ndiye mwenye nyama, na hakuna kesi. Alama ya nyumba ya babu ilikuwa mistari miwili iliyopishana na nukta chini yake. Baba aliichonga kwa kisu kwenye mishale yote mitatu. Kisha akapasha msumari moto, akanipa. "Weka yako, karibu na manyoya. Ili ijulikane ni nani ndani ya nyumba." Nikazungusha kipete kidogo cheusi kwenye kila mshale, ulimi nimeutoa nje. Moshi wa leleshwa ukaniingia machoni na sikujali. Nilikuwa nimeandikwa kwenye nyumba ya babu, mimi msichana, kabla ya Musyoka mwenyewe.

Mashindano yalikuwa uwanjani Ruring'u, siku ya michezo ya familia za wafanyakazi wa serikali. Walitoka Meru, Embu, Nanyuki, kila mahali. Kulikuwa na mbio za magunia, kuvuta kamba, na shabaha ya watoto, na baba alikuwa ameniambia jina langu limepelekwa. Nilikuwa nimewaambia darasa zima. Hata mwalimu wa hesabu alijua. Asubuhi ile nikaamka nikakuta baba ameshavaa, mishale ameifunga kwenye gazeti.

"Mwaitu," akasema, bila kuniangalia. "Wasimamizi wamekataa wasichana. Nimebishana nao sana. Basi tu. Mwaka ujao."

Nililia mpaka kamasi. Nikamwuliza mishale anaipeleka wapi. Akasema anakwenda kuwaonyesha kazi niliyoifanya, ili waone aibu. Nikamwamini, na kwa kweli nikamhurumia, nikamwona anakwenda kunipigania. Akaondoka mapema kusaidia kupanga viti. Mama akanifuta uso kwa leso yake, akanivalisha lile gauni la kanisa, akabeba chupa ya chai na viazi vitamu, tukaenda kukaa kwenye majani pamoja na majirani.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni msichana. Alikuwa wa Meru, ana sketi ya shule na upinde wa mwanzi, amesimama kwenye mstari wa kupigia, na watu wanampigia makofi. Nikamvuta mama nguo. "Mama, si walikataa wasichana?"

"Pengine walibadilisha," mama akasema. "Wacha baba yako aje, atatuambia."

Nilimtafuta kwa macho. Nikamwona ng'ambo ya uwanja, karibu na meza ya wasimamizi, amesimama kando ya mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani. Nikampungia mkono. Hakuniona, au ndivyo nilivyojiambia. Kipaza sauti kikakoroma, kikasema, "Kutoka Doldol, kijana Musyoka!"

Nikacheka. "Mama! Ameitwa kama babu!"

Mama hakucheka. Alikuwa akinimiminia chai, na chai ikaendelea kumwagika, kikombe kimejaa, inamwagika kwenye majani na kwenye viatu vyake. Wakati ule nilidhani amechoka na jua.

Kijana mwenyewe alikuwa wa kimo changu, amenizidi kidogo tu, mwembamba, miguu ina vumbi mpaka magotini. Akainua upinde. Mshale ukatoka kwa kutikisika kidogo mkiani, ukatulia, nami bila kujua nikawa natamka kwa midomo, "Ma-cha," na shabaha ikalia. Alipopiga wa pili sikuhitaji tena kuona. Huo ulikuwa mshale wangu, kama mnavyoweza kumtambua mtoto wenu kwa mwendo akiwa bado mbali barabarani. Wa tatu ukakaa katikati kabisa, na uwanja mzima ukasimama kushangilia.

Sikumbuki nilivyovuka uwanja. Nakumbuka nikiung'oa mshale kwenye shabaha na kupiga kelele, "Mwizi! Huyu ni mwizi! Ameiba mishale yangu!"

Yule kijana alikuja mbio. Hakukasirika, alishangaa tu. "Si ya kuiba," akasema. "Ni yangu. Angalia alama."

"Alama ni ya kwetu! Ni ya nyumba ya babu yangu!"

"Ni ya baba yangu. Alinitengenezea yeye mwenyewe. Ata urefu ni ya mkono yangu." Akang'oa mwingine kwenye shabaha, akanyoosha mkono aone kama nabisha. Mshale ulitoka katikati ya kifua chake ukaishia ncha za vidole, sawasawa.

"Baba yako nani?"

Akanyoosha kidevu kuelekea meza ya wasimamizi. Baba alikuwa anakuja, anatembea haraka lakini hakimbii. Nikageuza mshale nitafute kipete changu karibu na manyoya, hicho kingemaliza maneno yote. Hakikuwapo. Palikuwa na sehemu nyeupe, laini, mahali kisu kilipopita kukikwangua, na mafuta ya kondoo yamepakwa juu yake ili pasionekane sana. Nilipapapasa kwa kidole gumba, nikapapapasa tena. Mtu alikuwa amekaa mahali na kisu chetu kile cha alama, akaniondoa kwenye mshale wa kwanza, akachukua wa pili akaniondoa, akachukua na wa tatu. Hakufanya kwa haraka. Ilikuwa kazi safi sana.

Msimamizi akauliza, "Kuna nini hapa, bwana?"

Nilimwangalia baba. Nilikuwa nimeshika mshale kwa mikono miwili, nikimngoja aseme. Hata wakati ule, haki ya Mungu, nilikuwa bado namngoja aseme kwamba kijana yule ni mwizi.

"Hakuna kitu," baba akasema. "Huyu mtoto amechanganyikiwa tu."

Huyu mtoto! Hakusema mwaitu, hakusema Nduku, hakusema hata binti yangu. Kisha akautoa mshale mikononi mwangu kwa upole, kidole kimoja kimoja, akampa mwenyewe. Nimefiwa na mume, nimezika dada, lakini sijawahi kuachwa mahali kama nilivyoachwa pale katikati ya uwanja wa Ruring'u, watu wananiangalia na mimi nina gauni la kanisa.

Aliyekuja kunichukua ni mama. Alikuja polepole, amekunja leso yake vizuri, akampita baba kama mtu anavyopita mti. Kwa yule kijana alisimama. Akamtazama usoni muda mrefu, kipaji cha uso, masikio, jinsi meno yalivyokaa. Nilidhani atampiga. Akamwambia, "Umepiga vizuri, Musyoka," akanishika mkono tukaenda.

Nyumbani alichukua lile blanketi la kungoja, ambalo hatukuruhusiwa kulichezea, akalitandika kitandani kwetu mimi na Kalekye. Baba alirudi jua likiwa bado juu. Mama akampa maji ya kunawa, akampakulia chakula, akakaa mbele yake.

"Ako na miaka ngapi?"

"Mama Nduku, ngoja nikueleze..."

"Sijakuuliza maelezo. Nimeuliza miaka."

"Kumi," baba akasema.

Mimi nilikuwa na tisa. Mama akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu nyumba nzima na sasa amekumbuka alipokiweka. "Kumbe nimekuwa nikingoja mtu ambaye alishafika," akasema. Akasimama akaenda kuosha sufuria. Hakulia mbele yetu, wala sikumsikia tena akipangia mtu nafasi kwenye benchi la kanisa.

Nimeishi miaka mingi nikijaribu kumtetea baba, maana mtoto hujaribu. Nimejiambia kwamba alikuwa na watoto wawili wenye mikono inayokaribiana na upinde mmoja, na mmoja wao alikuwa mbali. Nimejiambia kwamba alifurahi kweli siku ile ya moshi, kwamba uso ule haukuwa wa kuigiza. Huenda. Lakini kila nikifika kwenye ile sehemu iliyokwanguliwa nashindwa kuendelea. Kuwa na mtoto mwingine, huyo mtoto hana kosa, na Musyoka mwenyewe baadaye alikuja mazishini akasimama mwisho wa mstari kama mgeni, nami nikamvuta mbele. Ni kile kisu. Angeweza kuniacha pale karibu na manyoya, kipete kidogo tu, hakingempunguzia mshale mwendo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mpera. Sikuwa nimening'inia. Nilikuwa nimekaa tu. Baba akaja, amevaa koti la kaki tayari kwa safari, lori lilikuwa likimngoja barabarani na injini inanguruma. Akachuchumaa mbele yangu. Akatoa ule uzi wa mama mfukoni, wenye mafundo mawili, jeusi na jipya, akauning'iniza kati yetu kama zawadi.

"Usinikasirikie, mwaitu. Ile mishale ni mkono yako iliitengeneza, mimi najua. Nyoosha nione kama umekua."

Nikaficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Haya," akasema. "Haya. Utapiga wewe, mwaka ujao."

Nikaliangalia lile fundo jeusi lililokuwa likicheza mbele ya pua yangu, likinuka leleshwa. Huyo mwaka ujao nilikuwa nimeshamwona. Alikuwa na vumbi mpaka magotini, na mkono uliozidi wangu kidogo, na jina la babu yangu, na alikuwa akikaa Doldol.